Habari za Barazani: Ng'ambo na Ramani Zake

Darajani hapana daraja. Mgeni anayefika mbele ya soko kuu la Unguja na kuliulizia ataoneshwa lami, maduka na msongamano wa magari. Hata hivyo jina halidanganyi. Hapo palikuwa na mkono wa bahari ulioingia kutoka upande wa Funguni, ukajipinda nyuma ya Mji Mkongwe, na maji yalipojaa ulikaribia kuigeuza rasi yote kuwa kisiwa. Juu yake lilipita daraja. Aliyetoka mjini akalivuka alikuwa amekwenda ng'ambo, na neno hilo la kawaida kabisa likawa jina la mji mzima.

Michenzani nako hakuna michenza. Kuna barabara mbili pana zinazokatana, mnara katikati, na maghorofa marefu kila upande. Hatua chache kutoka hapo huanza mitaa mingine iliyopewa majina ya miti: Miembeni, Mwembetanga, Mwembeladu, Mikunguni, Mwembeshauri. Pengine mtaa ulitajwa kwa mtu aliyetangulia kukaa hapo au aliyekuwa akijulikana na wote: Kwahani, Kwaalimsha. Majina haya hayakutungwa na ofisi yoyote. Yalitoka vinywani mwa watu waliohitaji kuelekezana njia, na yameishi kuliko miembe yenyewe.

Yameishi pia kuliko ramani. Tangu mwaka 1923 Ng'ambo imechorwa upya na Waingereza, na Wajerumani Mashariki, na Wachina. Kila mara mji uliokusudiwa ulikuwa mwingine kuliko ule uliokuwapo, na kila mara waliokuwa wakilala ndani ya nyumba hizo walipata habari baada ya mistari kukauka. Historia ya mipango ya Ng'ambo ni historia ya jinsi habari zilivyosafiri kati ya meza ya mchoraji na baraza ya mwenye nyumba, na mara nyingi zilisafiri kwa kuchelewa.

Ng'ambo ilianza kujaa katika karne ya 19, Unguja ilipokuwa makao ya masultani wa Busaidi na soko kuu la karafuu, pembe za ndovu na watumwa. Kwenye rasi zilipanda nyumba za mawe za wafanyabiashara, maafisa na mabalozi. Upande wa pili wa maji walikaa waliobeba, waliopika, waliovua, waliofua na waliojenga: watumwa na walioachwa huru, Wahadimu waliotoka mashamba, Wangazija, mabaharia na mafundi. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873. Utumwa wenyewe ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wengi walioacha mashamba walikuja Ng'ambo kutafuta kazi ya kulipwa na mahali pa kuanza upya.

Waliyoijenga ni nyumba inayojulikana pwani nzima. Boriti na fito za mikoko zilifungwa kwa kamba, nafasi zikajazwa udongo na mawe, aliyeweza akazipaka kuta chokaa, na juu likaezekwa paa la makuti au madebe yaliyonyooshwa. Ndani ulipita ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, na nyuma ukafuata ua wenye jiko na choo. Ua ulikuwa wa wanawake na wa kazi za nyumbani. Mbele, chini ya upenu, palikuwa na baraza.

Neno hilo linastahili kuelezwa kidogo. Baraza ni kiti cha udongo au mawe kilichoshikana na ukuta, na pia ni kikao cha watu wanaozungumza mambo yao. Masultani walikuwa na baraza, ambako watu walikwenda kusalimia na kupeleka mashauri. Baadaye likaja Baraza la Mji, likaja Baraza la Mapinduzi mwaka 1964, na Baraza la Wawakilishi mwaka 1980. Vyombo vyote hivyo vimechukua jina lao kwenye kile kiti kilicho nje ya mlango, ambako muuza kahawa hupita na deli lake, bao huchezwa, na mtu hujua nani kafiwa, nani kaoa, meli gani imetia nanga na bei ya karafuu imefika wapi. Kwa mtu wa Ng'ambo ambaye hakusoma Kiingereza wala hakuitwa kwenye vikao vya serikali, hilo ndilo lilikuwa gazeti.

Habari kubwa ya kwanza iliyotikisa baraza hizo ilihusu ardhi. Wengi wa wakaazi walimiliki nyumba lakini hawakumiliki kiwanja. Ardhi ilikuwa ya matajiri wa Kiarabu na baadaye ya Kihindi, au ya wakfu, na zamani mwenye ardhi alimwachia mtu ajenge bila kumdai kitu, kwani kuwa na watu waliomtegemea kulikuwa heshima. Baada ya utumwa kufutwa na mji kukua, ardhi ikawa mali ya kuuzwa na kununuliwa, na heshima ikageuka kodi ya kiwanja. Kodi ilipanda katika miaka ya 1920, wakati kipato cha hamali na mfanyakazi wa ndani hakikupanda.

Mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa. Hakukuwa na chama cha siasa cha kuwaongoza. Mgomo ulipita kwenye misikiti, kwenye vyuo vya Kurani, kwenye vikundi vya ngoma na vilabu vya mpira, na kwenye nyua za nyumba. Wanawake walikuwa mstari wa mbele, maana wengi wao walikuwa wenye nyumba: nyumba ya udongo ilikuwa akiba ya mwanamke aliyeachika au aliyefiwa na mume, naye aliishi kwa kupangisha vyumba. Serikali, iliyokuwa imezoea kuwatazama watu hawa kama vibarua wasio na kauli, ililazimika kuweka sheria ya kuzuia kodi isipande ovyo.

Mwaka huohuo wa 1928 Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyehamia mjini akiuza vyungu kabla hajawa mwimbaji, alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Nyimbo zake na za wenzake zilibeba mambo ya mtaani: kesi za mahakamani, dhuluma za wenye nguvu, hukumu zilizowaacha watu midomo wazi. Santuri ikipigwa mkahawani, baraza nzima ilisikiliza na baada yake mjadala ukaanza. Taarabu ya Ng'ambo ilikuwa burudani, na ilikuwa taarifa ya habari pia.

Wakati huo mpango wa kwanza ulikuwa umeshachapishwa. Henry Vaughan Lanchester, mchoraji majengo na mpangaji miji wa Kiingereza aliyekuwa amefanya kazi India, alikuja Unguja kwa mwaliko wa serikali na mwaka 1923 akatoa kitabu kuhusu mji wa Zanzibar na upangaji wa miji ya nchi za joto. Alipendezwa na mengi aliyoyaona. Alishughulikia bandari, barabara, viwanja vya wazi na ule mkono wa bahari uliotenga pande mbili za mji. Sehemu kubwa ya mapendekezo yake haikutekelezwa, fedha zikiwa chache. Lakini kitabu hicho kiliacha mazoea yaliyodumu: Ng'ambo iliingia kwenye karatasi za serikali kama tatizo la afya, la moto na la mpangilio. Nyumba zilezile ambazo wenyewe waliziona akiba ya maisha yao ziliandikwa kuwa vibanda.

Ilipofika miaka ya 1940, Waingereza walikuja na lugha nyingine. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vinaisha, na neno lililovuma katika makoloni yao lilikuwa maendeleo. Zanzibar ikapata mpango wa miaka kumi wa kuanzia 1946, na Katibu Mkuu wa serikali, Eric Dutton, aliipenda sana kazi ya kujenga. Katikati ya Ng'ambo ukasimama ukumbi wa jamii wa Raha Leo. Mkaazi angekuta pale shughuli za ustawi na burudani, na pembeni ajifunze kwa macho nyumba bora inavyofaa kuwa. Kasoro ilikuwa moja na kubwa: nyumba za mfano zilizidi uwezo wa mtu wa kawaida wa Ng'ambo, na kuzipisha kulidai baadhi ya watu waondoke walipokuwa wakiishi.

Kazi ambayo Raha Leo iliifanya vizuri kuliko zote haikuwa ya nyumba. Mwaka 1951 ilianza kurusha matangazo redio ya Sauti ya Unguja, na sauti hiyo ilitoka hapohapo. Sasa habari za serikali ziliingia Ng'ambo kwa Kiswahili, kila siku, na zilitoka Ng'ambo kwenda kisiwani kote. Magazeti nayo yalikuwa yamechangamka. Mwongozi lilikuwa likitoka tangu 1942, na Afrika Kwetu lilianza mwishoni mwa muongo huo likisema kwa niaba ya Waafrika. Gazeti moja lilisomwa na watu wengi, kwani anayejua kusoma aliwasomea wenzake barazani kwa sauti, na kila aya ilipata majibu yake papo hapo.

Mwaka 1958 ukaja mpango wa pili, wa Henry Kendall na Geoffrey Mill. Huu ulikuwa mpango wa kanda: hapa makaazi, hapa biashara, hapa viwanda, hapa bustani. Miaka hiyohiyo kazi ya kuufukia ule mkono wa bahari, iliyokwenda kwa awamu tangu zamani, ilifikia mwisho. Daraja la Darajani likabaki jina. Mtu angeweza sasa kutoka Mkunazini hadi Mlandege bila kuvuka maji, lakini kodi, skuli, ajira na hata uzito wa sauti ya mtu vilibaki vikihesabiwa kwa upande aliozaliwa.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi yalianzia kwenye kambi za polisi za Ziwani na Mtoni, na kulipokucha yalikuwa yamefika kwenye kituo cha redio. Kutoka Raha Leo John Okello, mmoja wa viongozi wa Mapinduzi, aliwatangazia watu wa Unguja kwamba serikali ya Sultani imeanguka. Jengo ambalo wakoloni walilijenga ili kuwafunza wakaazi wa Ng'ambo maisha bora likawa makao ya wanamapinduzi. Gazeti la Kweupe likaanza kutoka mwaka huohuo. Tarehe 8 Machi 1964 Rais Abeid Amani Karume akatangaza kwamba ardhi yote ni mali ya serikali, na ule mzozo wa kodi ya kiwanja ukazimwa kwa tamko moja.

Karume aliijua Ng'ambo kwa miguu yake. Alikuwa baharia, kisha mwendesha mashua bandarini, kisha diwani wa mji katika miaka ya 1950 na kiongozi wa chama cha Afro-Shirazi kilichokuwa na makao yake Kisiwandui. Hakuhitaji kitabu cha mgeni kumweleza mvua inavyoingia kwenye paa la makuti. Alitaka watu waliokaa kwenye udongo wakae kwenye nyumba za kudumu, zenye maji ya bomba na umeme, na alitaka ionekane kwa macho kwamba enzi imebadilika.

Ujerumani Mashariki, iliyokuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuitambua serikali ya Mapinduzi, ilileta wataalamu na vifaa. Maghorofa ya kwanza yalijengwa Kikwajuni na Kilimani. Mwaka 1968 mpangaji miji wa nchi hiyo, Hubert Scholz, alikamilisha mpango mpya wa mji. Karume aliuchukua mpango huo na kuukuza kwa namna yake. Zikakatwa njia mbili kuu zenye kupishana Michenzani, na pembeni mwake yakapangwa maghorofa ya moja kwa moja, baadhi yakikaribia mita 300 kwa urefu. Watu wakayapa jina la treni. Mji uliowahi kuwa na reli ya kweli, iliyoanza mwaka 1905 kwenda Bububu, sasa ulikuwa na treni zisizokwenda popote.

Maelfu ya nyumba za udongo zilikusudiwa kubomolewa. Karume aliuawa Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972, kazi ikiwa katikati, na ujenzi uliendelea baada yake kwa miaka kadhaa kisha ukapungua nguvu. Ndiyo sababu Michenzani leo inaonekana ilivyo: ukiwa barabarani unaona mji wa maghorofa, ukipenya kati ya majengo mawili unaibukia kwenye vichochoro, paa za bati zilizoshika kutu na kuta za chokaa. Mpango ulisimama, na Ng'ambo ya zamani ikabaki nyuma yake kama kanga iliyofichwa ndani ya buibui.

Waliohamia ghorofani walipata kilichoahidiwa, na ni haki kusema hivyo. Waliokuwa wakichota maji kwenye bomba la mtaa waliona bomba jikoni mwao. Waliolala chini ya makuti walilala chini ya zege, bila kulipia kiwanja cha mtu. Lakini fleti haikuwa na ua. Bibi aliyezoea kutwanga, kuanika na kuota jua bila kuonwa na wapita njia alijikuta kwenye chumba cha ghorofa ya nne na ngazi za kupanda. Maji yalipokosa nguvu ya kufika juu, ndoo zilirudi mabegani. Nyumba ya udongo iliongezwa chumba mtoto alipooa, lakini fleti haikuongezeka. Mambo haya yangesemwa na mwanamke yeyote wa Mwembetanga kama mchoraji angekaa naye jioni moja.

Wachina walileta mpango wa mwaka 1982, na mji haukuusubiri. Watu walikuwa wakijenga wenyewe kuelekea Amani, Mwanakwerekwe na kwingineko, juu ya vipande vya ardhi vilivyouzwa mkono kwa mkono, huku tangazo la 1964 likisema ardhi haiuzwi. Wakati huohuo macho ya dunia yaligeukia ng'ambo ya Ng'ambo. Mwaka 1985 ikaundwa mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe. Mwaka 1994 ukatoka mpango wake wa uhifadhi, uliosimamiwa na Francesco Siravo kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan. Mwaka 2000 UNESCO ikauingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Milango iliyonakshiwa ikapata sheria ya kuilinda. Baraza iliyomlea Siti haikupata. Mstari uliochorwa zamani na maji ya bahari ukachorwa tena kwa wino, kwenye barabara iliyopita juu ya udongo wa kufukia.

Pengine hapa ndipo penye uchungu zaidi. Taarabu iliyoimbwa kwa Kiswahili na watu wa kawaida, mgomo wa 1928, redio ya 1951, alfajiri ya 1964, yote hayo yana anwani ya Ng'ambo. Mji uliotoa historia hiyo ulihesabiwa kuwa hauna historia kwa sababu kuta zake zilikuwa za udongo.

Habari zenyewe hazikukoma kutembea. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, baraza zilizaa maskani, vijiwe vya siasa vyenye wanachama, bendera na ubao. Maskani ya Kisonge, ya CCM, iko pale Michenzani penye njia panda, na ubao wake umesomwa na kila apitaye, rafiki na mpinzani. Upande wa Mji Mkongwe, Jaws Corner, wafuasi wa upinzani nao walikuwa na ubao wao na kahawa yao. Maneno yaliyoandikwa yalikuwa makali mara nyingi, tena yaliumiza. Lakini chaki ilionesha kwamba watu wa mji huu wanataka kusoma mambo yao kwa lugha yao, hadharani, na kujibu.

Ilichukua miaka 90 tangu kitabu cha Lanchester hadi wapangaji miji walipoanza kuwasikiliza watu hao. Mwaka 2013 idara ya mipango miji na vijiji ya Zanzibar, ikishirikiana na jiji la Amsterdam na shirika la wasanifu la African Architecture Matters, ilianza kazi iliyopewa jina la Ng'ambo Tuitakayo. Jina lenyewe lilikuwa jambo jipya, kwa kuwa kitenzi kilikuwa na mtendaji, na mtendaji ni sisi. Wataalamu na wanafunzi walipita mitaani wakiandika kile ambacho ramani za awali ziliacha kuona: baraza, maskani, miti, misikiti midogo, vilabu, viwanja vya ngoma, njia ambazo watu hupita ingawa si barabara. Mkusanyiko huo ulitoka kama kitabu mwaka 2019, Ng'ambo Atlas, na Ng'ambo ikaanza kutajwa kuwa mandhari ya kihistoria ya mji, sawia na jirani yake wa mawe.

Kazi hiyo imekuja wakati mji una haraka. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na 893,169 kati yao walikuwa Mkoa wa Mjini Magharibi. Kwahani nyumba za zamani zimebomolewa na maghorofa mapya kusimama. Michenzani kuna jengo la maduka lenye ngazi za umeme. Mitaro mikubwa ya maji ya mvua imechimbwa katika mitaa iliyokuwa ikigeuka ziwa kila masika, na hakuna aliyewahi kukaa na maji magotini ndani ya chumba chake atakayesikitika kuiona. Swali linalobaki ni lile la 1928 na la 1968: mwenye nyumba ataambiwa lini, na nani, na kama akisema jambo litaandikwa wapi.

Jibu lipo karibu, na halihitaji mtaalamu kutoka mbali. Ramani ya mtaa inaweza kubandikwa kwa sheha, kiongozi wa serikali mtaani, kwa Kiswahili, nyumba zikionekana na majina ya mitaa yakisomeka, miezi kabla ya tingatinga. Inaweza kusomwa redioni. Inaweza kupelekwa barazani baada ya sala ya alasiri na uani baada ya chakula cha mchana, kwa kuwa wenye nyumba wengi wako uani. Nyuma ya maghorofa bado kuna mitaa hai. Jioni watu hutoka na viti vyao, kahawa hupita, na waliohamishiwa ghorofani hushuka ngazi kuja kukaa na majirani wa zamani, wakiulizana habari za Kwahani, nani kapewa fleti na nani bado anasubiri.